Kwa nini ukumbi wa dhifa wa White House una picha moja tu ukutani, tena Lincoln hata hatazami wageni?

#1 Mchunguza Kuta
Wakuu, salama?

Jana nimepitia picha za dhifa za kitaifa za enzi za Obama pale White House, kwenye ule ukumbi wao mkubwa wa kulia, State Dining Room. Kuta nyeupe, thurea kubwa katikati, meza za duara, pazia za buluu. Ila kilichonikaa kichwani ni kitu kimoja. Ukumbi wote ule, picha ya kuchorwa ni moja tu: Abraham Lincoln, juu ya sehemu ya kuotea moto. Amekaa kitini, ameinama mbele, kidevu mkononi. Na macho yake hayako kwa wageni. Anatazama pembeni kama mtu anayesubiri hotuba iishe.

Vyumba vingine vya jengo hilohilo vimejaa marais ukutani. Hapa wanapokaribishwa wafalme yuko mmoja, naye kageuka. Kwa nini yeye peke yake, na kwa nini pozi lile?

#2 Siti ya Dirishani
Naweka mkeka hapa. Wajuzi waje.

#3 Bin Fremu
La pozi ni jepesi. Picha ile haikuanza kuwa ya mtu mmoja. Mwaka 1868 mchoraji George Healy alichora watu wanne wakiwa ndani ya meli ya River Queen, tukio la Machi 1865, vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vikielekea ukingoni: Jenerali Sherman, Jenerali Grant, Lincoln na Admirali Porter. Sherman ndiye anayeongea, Lincoln anasikiliza. Nyuma yao madirisha ya meli, na nje upinde wa mvua.

Mwaka 1869 Healy akamtoa Lincoln peke yake, akamweka kwenye turubai jipya na pozi lilelile. Kwa hiyo hajachoka na hotuba ya mtu. Anamsikiliza jenerali ambaye hayupo kwenye fremu.

#4 Mpiga Domo Mstaafu
😂😂 Yaani miaka yote hii wakubwa wa dunia wanakula mbele ya mtu aliyekatiwa mazungumzo yake katikati.

#5 Kalamu Nzito
Kuhusu kwa nini ni yeye peke yake, jibu lipo. Serikali ilimwagiza Healy picha rasmi ya Lincoln baada ya kuuawa, ikawekwa pale, na tangu hapo haijaguswa. Ni heshima.

#6 Bin Fremu
Kalamu Nzito, hapo umeruka hatua. Ni kweli Bunge lao liliidhinisha mwaka 1869 inunuliwe picha ya Lincoln kwa ajili ya Ikulu. Healy akatuma ya kwake kutoka Paris. Aliyechagua ni Rais Grant, na Grant akachukua ya mchoraji mwingine, William Cogswell. Ya Healy ikakosa.

Aliyeinunua ni mtoto wa marehemu, Robert Todd Lincoln, ambaye alisema hajawahi kuona picha ya baba yake ya kulinganishwa na ile. Ikakaa kwa familia. Mkewe Robert, Mary Harlan Lincoln, ndiye aliyeiachia Ikulu kwa wosia, ikafika mwaka 1939. Hesabu mwenyewe: miaka 70 tangu ikataliwe.

#7 Mpiga Domo Mstaafu
Subiri kwanza. Grant si ndiye alikuwa ndani ya ile picha ya meli? Kwa hiyo Healy alimchora Grant kwenye kikao, halafu akamletea picha ya kikao hichohicho Grant akiwa kafutwa. Ningekuwa mimi pia ningechagua ya Cogswell.

#8 Bin Fremu
Hiyo yako ni ya kijiweni, ila siwezi kuipinga 😅

#9 Randa na Tupa
Mimi ni seremala, naomba nizungumzie ukuta.

Mnatafuta sababu za siasa, sababu iko kwenye mbao. Ukumbi huo umevikwa mbao kuanzia chini hadi karibu na dari, na kila baada ya hatua chache kuna nguzo bapa ya kuchongwa yenye kichwa cha majani. Kazi hiyo ni ya mwaka 1902, wakati wa Theodore Roosevelt, kampuni ya wasanifu ya McKim, Mead & White. Walivunja ngazi upande wa magharibi ili chumba kiwe kikubwa, wakavika kuta mbao za mwaloni. Katikati ya nguzo na nguzo wakaweka taa za ukutani. Sasa picha utaiweka wapi? Mahali palipoachwa wazi kwa makusudi ni pale juu ya moto tu.

Nimewahi kumfungia mteja kuta za aina hiyo sebuleni. Baada ya wiki akaniita, anataka kuning'iniza picha ya harusi. Nikamuuliza msumari nipige kwenye nakshi au kwenye maungio ya mbao? Tulibishana mpaka chai ikapoa. Ile picha mpaka leo iko korido.

#10 Mama Sahani
Fundi, hoja yako nzuri lakini Roosevelt huyohuyo alitundika vitu kwenye mbao hizohizo. Kulikuwa na vitambaa vikubwa vya kufuma, na vichwa vya wanyama ukuta mzima. Juu ya moto, palepale alipo Lincoln leo, kulikuwa na kichwa cha musi, yule mnyama wa nchi za baridi mwenye pembe pana kama karai. Wakitaka kutundika, wanatundika.

#11 Randa na Tupa
Kichwa cha mnyama kina ndoano moja dada. Picha ya fremu ya dhahabu ni habari nyingine. Lakini nakubali, wakitaka wanaweza.

#12 Siti ya Dirishani
Unakula supu, musi anakukodolea macho. Lincoln kutazama pembeni ni afadhali kubwa.

#13 Ndugu Msonge
Mnasema mwaloni. Mbona kwenye picha kuta ni nyeupe?

#14 Mama Sahani
Ilipakwa rangi. Jengo lilikuwa karibu kuanguka, Truman akahama kati ya 1948 na 1952 likatolewa utumbo wote, zikabaki kuta za nje. Mbao za ukumbi zilifunguliwa, zikahifadhiwa, zikarudishwa. Zilivyorudi, 1952, zikapakwa kijani hafifu. Wakati wa Kennedy ndipo zikawa nyeupe ya kuelekea maziwa.

#15 Kalamu Nzito
Jackie, mkewe Kennedy, alikuwa hapendi giza. Mwaloni mtupu usiku ni kama uko ndani ya sanduku.

#16 Randa na Tupa
Kalamu Nzito, lakini Jackie hakukuta mwaloni mtupu, alikuta kijani. Aliyeufunika ni Truman.

Na mimi nitakwambia kwa nini mtu anapaka rangi mwaloni, mbao ambayo watu hulipia pesa ili mishipa yake ionekane. Ukishafungua mbao za ukutani zilizokaa miaka 50, hazirudi kama zilivyotoka. Ndimi zinavunjika, kona zinapasuka, matundu ya misumari yanapanuka. Unaweka viraka vya mbao mpya, na mwaloni mpya haufanani rangi na wa zamani hata ufanyeje. Dawa ni moja tu, rangi.

#17 Zulaika wa Zulia
Au ni mtindo tu wa miaka ya hamsini, fundi. Kila kitu kilikuwa kijani hafifu enzi hizo, mpaka kuta za hospitali.

#18 Randa na Tupa
Vyote viwili vinaweza kuwa kweli. Ila mimi nimeshika hizo mbao kwa mikono, wewe umeziona kwenye magazeti 😄

#19 Nyati Mweupe
Hamjagusa kitu kizuri kuliko vyote: ile sehemu ya moto yenyewe. Chini ya Lincoln, kwenye jiwe, kila upande kuna kichwa cha nyati wa Marekani. Mwaka 1902 vilichongwa vichwa vya simba. Mwaka 1908 Roosevelt akaamuru simba wachongwe upya wawe nyati. Hawakubadilisha jiwe, walichonga lilelile.

#20 Ndugu Msonge
Simba ni wa Waingereza, ndiyo maana. Huwezi kuweka nembo ya mkoloni wako wa zamani kwenye chumba cha dhifa.

#21 Nyati Mweupe
Wengi husema hivyo. Lakini tazama tarehe. Roosevelt alikuwa rais wa heshima wa chama cha kuokoa nyati, American Bison Society, kilichoanzishwa 1905. Na mwaka huohuo wa 1908 ndipo hifadhi ya nyati ya Montana ilipoanzishwa. Nyati walikuwa karibu watoweke kabisa. Mimi naona alikuwa anatangaza kampeni yake mbele ya wageni wanaokula.

#22 Mpiga Domo Mstaafu
Kwa hiyo juu ya moto musi aliyekaushwa, chini yake nyati wa kuokolewa. Mtu mmoja huyo.

#23 Msafiri wa Korido
Mimi nimeingia humo. Ziara ya kawaida ya umma, mwaka 2012. Mnapita kwa foleni, kuna kamba, na askari wa ulinzi wa Rais amesimama chumbani. Ndiye huyohuyo mnayemuuliza maswali ya sanaa, na anajibu. Picha sina, kamera zilikuwa marufuku kwenye ziara mpaka Julai 2015.

Mambo mawili nayakumbuka. La kwanza, maandishi yaliyochongwa kwenye jiwe chini ya Lincoln. Ni dua ya John Adams, Rais wa kwanza kukaa kwenye jengo hilo, kutoka kwenye barua aliyomwandikia mkewe Abigail tarehe 2 Novemba 1800. Anaomba mbingu iijalie nyumba hiyo baraka zilizo bora, na chini ya paa lake wasitawale ila waaminifu na wenye hekima. La pili, pazia. Mleta uzi anasema buluu. Mimi niliziona zenye vikapu vya maua.

#24 Zulaika wa Zulia
Wote mko sahihi. Ukumbi ulifanyiwa matengenezo mwaka 2015, Michelle Obama. Pazia za hariri zikawa buluu ya tausi, zulia jipya, na viti 34 vya mahogani vya kuegemeza mikono, vilivyoigwa kutoka viti ambavyo Rais Monroe alinunua mwaka 1818 kwa fundi wa Georgetown, William King. Gharama dola 590,000, na hazikutoka kwenye kodi, zilitoka mfuko wa michango ya wahisani.

#25 Kalamu Nzito
Viti 34 kwa ukumbi wa wageni 140?

#26 Kijiko cha Tatu
Kalamu, hivyo ni viti vya chumba kikiwa kimetulia, vinazunguka meza kubwa na vingine vinakaa ukutani. Siku ya dhifa vinatolewa. Nimefanya kazi ya kuhudumu kwenye dhifa kubwa (sio huko, msije mkaniomba viza), na kiti cha mahogani chenye mikono ni adui wa mhudumu. Kinakula nafasi ya watu wawili, na ukipita na sinia kiwiko cha mgeni kiko nje kama mpini wa sufuria. Ndiyo maana kwenye picha za dhifa unaona viti vyembamba vya rangi ya dhahabu visivyo na mikono.

#27 Ndugu Msonge
Turudi kwenye dua ya Adams. Alitumia neno la wanaume, sio la watu. Mwanamke akishinda wataichonga upya kama simba?

#28 Msafiri wa Korido
Kwa Kiingereza cha 1800 neno hilo lilibeba binadamu wote. Ila askari wa pale aliulizwa hilohilo na mama mmoja mbele yangu. Akatabasamu tu, akasema tusogee, kundi linalofuata linakuja.

#29 Nyati Mweupe
Nyongeza: dua hiyo iliwekwa na Franklin Roosevelt mwaka 1945. Na jiwe mnaloliona leo sio lile la 1908. La asili liko kwenye maktaba ya Truman, Missouri. Hili ni nakala ya enzi za Kennedy, nyati na maandishi vyote.

#30 Randa na Tupa
Kwa hiyo mbao zimefunikwa rangi, jiwe ni nakala, viti ni nakala. Kitu halisi humo ni Lincoln, aliyekatwa kutoka kwenye picha nyingine.

#31 Mwana wa Bara Hindi Mtaa wa Pili
Ruto alikula chini ya huyo Lincoln Mei 2024. Nilitazama moja kwa moja.

#32 Kijiko cha Tatu
Ulitazama hema ndugu yangu 😂 Dhifa ya Ruto ilikuwa kwenye banda lililojengwa nje, uwanja wa nyasi wa kusini. Wageni walikuwa wengi mno kwa ukumbi wa watu 140. Mmoja wa viongozi wa Kenya waliopewa dhifa ndani ya ukumbi wenyewe ni Kibaki, Oktoba 2003, kwa Bush mdogo.

#33 Mwana wa Bara Hindi Mtaa wa Pili
Kumbe. Nilishangaa mbona dari ni la kioo.

#34 Kijiko cha Tatu
Na hilo la nafasi ndilo hoja waliyoitumia kujenga ukumbi mpya mkubwa. Jengo la upande wa mashariki lilibomolewa Oktoba 2025 kwa ajili hiyo. Tusiingie siasa, uzi utafungwa.

#35 Mama Sahani
Asante kwa kutuokoa. Mimi nangoja tuje mezani, hamji.

Pale kuna kitu nakipenda kuliko picha. Sinia refu la vioo ambalo Monroe aliagiza Paris mwaka 1817 kutoka kwa Denière na Matelin. Vipande saba vinaungana, ukivitandaza vyote ni futi 14 na inchi 6. Kingo zake ni shaba iliyopakwa dhahabu, na juu ya kingo wamesimama wanawake wadogo, wafuasi wa mungu wa mvinyo wa Kirumi, kila mmoja ameinua mashada ya kubebea mshumaa au bakuli dogo. Katikati kunakaa vikapu vya matunda au maua.

Watu huliona ni pambo. Ni taa. Wakati wa mishumaa, kila mwanga mmoja ulikuwa unageuka miwili, na unatoka chini kuja usoni kwa mgeni.

#36 Mpiga Domo Mstaafu
Wafuasi wa mungu wa mvinyo, katikati ya meza ya Ikulu, na juu dua ya Adams kuhusu watu wenye hekima. Chumba kina ucheshi wake.

#37 Kalamu Nzito
Na sinia hilo liliwaudhi watu, Mama Sahani. Kununua Ufaransa wakati mafundi wapo nyumbani! Mwaka 1826 Bunge likapitisha kwamba samani za nyumba ya Rais ziwe za kutengenezwa Marekani kadiri inavyowezekana.

#38 Mama Sahani
"Kadiri inavyowezekana" ndiyo mlango wa nyuma. Sahani zenyewe ziliendelea kutoka Ufaransa miaka mingi. Seti rasmi ya kwanza ya kaure ya Kimarekani ni ya Wilson, 1918, kiwanda cha Lenox. Kabla ya hapo Hayes alikuwa na seti ya Haviland ya Ufaransa yenye wanyama na mimea ya Marekani. Unamaliza supu unakutana na kiumbe chini ya kijiko.

Halafu kuna seti nyekundu ya Nancy Reagan: vipande 4,370, dola 209,508, zililipwa na taasisi binafsi. Ilitangazwa Septemba 1981, mwezi uleule serikali ya mumewe ilipotaka kechapu ihesabiwe kuwa mboga kwenye chakula cha shule. Hawakumsamehe.

#39 Siti ya Dirishani
Kechapu mboga 😭😭 mkeka nimeukunja nimeutandika tena.

#40 Zulaika wa Zulia
Narudi kwenye swali la mleta uzi kabla hatujapotea. Upweke wa picha sio jambo geni pale. Mwaka 1814 chumba cha dhifa kilikuwa na picha kubwa ya Rais mmoja, George Washington, ile ambayo Dolley Madison, mke wa Rais wa wakati huo, aliibeba Waingereza wakija kuchoma jengo. Kwa hiyo ni desturi: chumba cha kulia, mwasisi mmoja.

#41 Bin Fremu
Dolley hakuibeba. Paul Jennings, kijana mtumwa aliyekuwa ndani ya nyumba siku ile, aliandika mwaka 1865 kwamba hiyo hadithi ni ya uongo. Walioishusha ni msimamizi wa nyumba, Mfaransa, pamoja na mtunza bustani. Dolley alitoa amri, na barua yake mwenyewe inasema fremu ilivunjwa kwa sababu ilikuwa imefungwa ukutani kwa skrubu. Picha ile sasa iko East Room, ukumbi mwingine wa jengo hilohilo, na kuna kitabu kimechorwa miguuni kwa Washington, jina la nchi limekosewa herufi. Mchoraji kasahau T ya kwanza ya "States".

#42 Randa na Tupa
Skrubu! Mnaona? Matatizo ya kutundika picha chumba cha kulia hayajaanza leo.

#43 Kijiko cha Tatu
Na mimi nitoe yangu, kwa upande wa sinia. Macho ya mgeni kwenye dhifa yanatakiwa kwenda sehemu mbili: meza ya mwenyeji na mtu wa jirani yake. Ukijaza kuta picha, watu wanageuza shingo, wanasogeza viti, njia ya wahudumu inaziba. Tulikuwa na ukumbi mmoja wenye michoro kila ukuta. Kila dhifa kulikuwa na mgeni mmoja amesimama na glasi anasoma kibao cha picha wakati kozi ya pili iko mkononi mwangu inapoa. Ukumbi wa picha moja ni baraka, na mtu aliye kwenye picha akiwa hamkodolei mtu, baraka mara mbili.

#44 Mchunguza Kuta
Ahsanteni wakuu, nilikuwa kazini. Kwa hiyo nimeambiwa ni mbao, ni wosia, ni desturi ya Washington, ni njia ya wahudumu, na Grant alinuna. Mnataka nichague?

#45 Bin Fremu
Mbao zinaeleza kwa nini moja. Hazielezi kwa nini Lincoln. Musi alikaa palepale.

#46 Randa na Tupa
Wosia unaeleza kwa nini ilifika. Hauelezi kwa nini iwekwe chumba cha kulia na sio ngazini na wenzake.

#47 Zulaika wa Zulia
Desturi inaeleza yote, hamtaki tu.

#48 Nyati Mweupe
Desturi yenye musi katikati, dada Zulaika?

#49 Mama Sahani
Nimewaacha mkibishana nimeenda kufanya jaribio. Nimelaza kioo cha kabati mezani, nikazima taa, nikaweka mishumaa minne. Kweli uso wa mzee wangu umeng'aa kuanzia kidevuni, makunyanzi yote yamepotea. Ila nta imedondokea kioo, na haitoki. Fundi wa mbao au wa fremu, yeyote, mnaitoaje bila kukwaruza?

#50 Bin Fremu
Barafu kwanza igande, halafu kadi ya plastiki. Usitumie kisu.

#51 Mama Sahani
Nimeshatumia kisu.